Siku Moja Maishani Mwangu: Kuandika Makala ya MV Bukoba

Saa 11 alfajiri. Kazi yangu ni kuandika makala ndefu za matukio ya kweli, na kwa sasa niko Mwanza nikiandika juu ya MV Bukoba, meli iliyozama katika Ziwa Victoria asubuhi ya Mei 21, 1996, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Saa hizi za utulivu nazitumia kupanga mtiririko wa simulizi. Wasomaji wangu wengi wanajua kwamba meli ile ilizama, kwa hiyo kuzama kwenyewe hakuwezi kuibeba makala. Watakaoibeba ni watu. Ndiyo maana nimeamua kuanzia Kemondo, ambako abiria na mizigo viliongezeka, na ambako yeyote kati yao bado angeweza kubaki nchi kavu.

Saa 3 asubuhi. Nipo sokoni Mwaloni, Kirumba, kwa mama muuza dagaa aliyenusurika. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, ananisimulia kama alivyokwisha kuwasimulia waandishi wengine: watu walilia, maji yalikuwa mengi, Mungu akamsaidia. Yote hayo ni kweli, lakini msomaji hawezi kuyaona. Basi naanza kuuliza mambo madogo: alikaa upande gani, alivaa viatu gani, fedha zake aliziweka wapi. Kwa swali hilo la mwisho anaacha kupima dagaa, anashika pindo la kanga aliyovaa na kulifunga fundo mbele yangu. “Hivi, mwanangu. Halafu nikalichomeka hapa kiunoni.” Fundo lilitoka naye majini, lakini lilikuwa limelowa na kukaza mno, hata nesi akalifungua kwa meno. Naandika kila neno, kisha namwomba alirudie jambo la nesi, kwa sababu sitaki kulikumbuka vibaya.

Saa 7 mchana. Naoanisha kumbukumbu zake na magazeti ya wakati ule. Anasema jua lilikuwa limekwisha kutoka meli ilipoanza kulala ubavu. Mwezi Mei jua la Mwanza huchomoza kabla kidogo ya saa 1 asubuhi, na taarifa zinaweka ajali baada ya hapo, kwa hiyo sentensi hiyo inabaki. Idadi ya waliokufa ni jambo gumu zaidi: wapo wanaotaja 500 na ushei, wapo wanaotaja 800, wapo wanaofika 1,000. Chanzo kimojawapo cha tofauti hiyo ni kwamba abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Sitachagua tarakimu inayotisha kuliko nyingine. Nitaeleza kukosekana kwa orodha hiyo, kwa kuwa nako ni sehemu ya msiba.

Saa 10 jioni. Mhariri wangu anapiga simu, na tunabishana kwa muda mrefu. Inajulikana kwamba meli ilielea ikiwa imepinduka, kwamba waokoaji waliitoboa ili wawatoe waliokwama ndani, na kwamba hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, ikazama kabisa. Mhariri anataka niwasikilizishe wasomaji mazungumzo ya waliokuwa ndani wakati huo. Ninamheshimu, na ninaelewa kwamba hapo ndipo moyo wa simulizi ulipo, lakini hakuna aliyetoka humo akatuambia kilichosemwa, nami siwezi kuwatungia marehemu maneno ambayo watoto wao watayasoma na kuyaamini. Nampendekezea tusimame nje, juu ya maji, pamoja na wale waliokuwa wakitazama, tuandike walichokiona na walichokisikia, kisha tuishie hapo. Amekubali, ingawa kwa shingo upande.

Saa 2 usiku. Nampigia mama simu na kumsomea aya zinazomhusu. Anasahihisha jambo moja: kanga ile haikuwa ya shughuli, ilikuwa ya kushindia. Anaomba pia nisiandike jina la mwanamke aliyekaa karibu naye, kwa sababu wanawe wapo hapa mjini na hawajaulizwa. Nalifuta jina palepale. Kesho nitamwomba anipeleke kwa wanawe hao, na hadi watakaponiruhusu, mama yao ataitwa “mwanamke aliyeketi kando ya mikungu ya ndizi.”