Ua la bandia na inhela tupu

Mtwara, Julai. Huko Newala na Tandahimba mashine za kupulizia dawa ya salfa zinanguruma mikoroshoni tangu alfajiri, na mwenye pumu hahitaji kuambiwa afunge dirisha. Jioni hii ninawaza kichokozi kingine cha pumu, kisichopulizwa na mashine: hisia.

Mwaka 1886 daktari wa Baltimore, John Mackenzie, alimwonyesha mgonjwa wake waridi la bandia. Mama yule alikuwa akibanwa na waridi. Akaliona tu, akabanwa. Wengi wakisikia kisa hiki husema, "Si unaona, pumu ni ya kichwani, anadeka huyo." Wanakosea. Kichwa ndicho kilichoanza, lakini kilichobana ni kifua cha kweli. Kuna neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi mapafuni. Ikichokozwa, misuli inayozunguka mirija ya hewa hukaza. Halafu mtu anayelia kwa kwikwi huhemea mdomoni, haraka haraka. Hewa inaingia kavu, na mirija iliyokwisha kuvimba haipendi ukavu. Kicheko nacho ni hivyo hivyo, kwa hiyo ngomani mtu hubanwa kama msibani. Asiye na pumu hulia akanyamaza, basi.

Wasiwasi wa muda mrefu una njia yake ya kimyakimya. Malipo ya korosho yakichelewa, usingizi hupotea, na dawa ya kinga ya kila siku husahaulika, kwa kuwa haileti nafuu ya papo hapo.

Jambo linalonikaa zaidi ni utafiti uliochapishwa Boston mwaka 2011. Wagonjwa wa pumu walipewa inhela (kipulizio) ya salbutamoli, dawa inayofungua mirija ya hewa, na siku nyingine inhela tupu isiyo na dawa. Walipoulizwa, nafuu waliyoitaja ilikaribiana. Kipimo cha pumzi kikasema vingine: salbutamoli iliongeza pumzi kwa asilimia 20, inhela tupu kama 7 tu. Yaani akili inaweza kubana mirija, na inaweza pia kukuambia umepona wakati mirija haijafunguka. Ndiyo maana mgonjwa akibembelezwa hadi akatulia, mimi siamini utulivu wake. Naangalia kama anamaliza sentensi bila kukatika.

Hofu tupu huleta ganzi vidoleni na midomoni, na kifuani hakuna mlio wa filimbi. Pumu huleta filimbi na kikohozi, na kutoa pumzi huwa kazi kuliko kuivuta. Lakini filimbi ikinyamaza huku mtu anazidi kuishiwa nguvu, usishangilie: hewa haipiti tena. Ukiwa na shaka, mpe salbutamoli.

Mtu akibanwa, mketishe wima, na wale kumi waliomzunguka na khanga za kupepea watoke nje. Kama hakuna spesa, yaani chombo cha kuvutia dawa ya inhela, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita. Toboa kitako tundu la kutosha mdomo wa inhela, uzibe pembeni kwa tepu. Chupa hiyo iandaliwe mapema: ioshwe kwa maji ya sabuni, isisuuzwe wala kufutwa ndani, ikauke yenyewe, la sivyo dawa hunata kwenye plastiki. Tikisa inhela, puliza mara moja, avute na kutoa pumzi mara 4 hadi 6 kwenye mdomo wa chupa. Tikisa tena, puliza tena, hadi mipulizo 4. Kosa la kila siku ni kupuliza yote 4 kwa mkupuo kwa sababu ya haraka; dawa nyingi huishia kwenye kuta za chupa. Akisubiri, atoe pumzi polepole kwa midomo iliyobinuka, kama anayepoza chai. Nafuu isipokuja, rudieni baada ya dakika 20, mkiwa tayari njiani kwenda hospitali, iwe Ligula, Ndanda au Sokoine kule Lindi.

Salbutamoli hutetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio, dalili zile zile za hofu, na mgonjwa asiyejua hudhani anazidiwa, akaanza kuhema upya. Kwa hiyo kabla ya mpulizo wa kwanza mwambie: "Mikono itatetemeka kidogo, hiyo ni dawa."