Nilivyojifunza poka kwa komwe za bao

Kila niliyemwambia nataka kujifunza poka alinipa ushauri uleule: kaza uso, watishie wenzako, karata zitakuja zenyewe. Ushauri huo ulinikera na unanikera hadi leo, maana hakuna hata mmoja aliyeweza kunieleza kwa nini rangi moja, yaani karata tano za alama moja, inashinda mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana kwa namba. Vijana wa mtaani hapa Lamu nao walinianzishia ile poka yao ya kumaliza karata na kusema "niko kadi". Mchezo mtamu ule, lakini ni mwingine kabisa.

Aliyenifungua macho ni mjomba wangu, baharia mstaafu. Alitandika mkeka dakani akamwaga komwe za bao ziwe ndizo dau, kwani kwetu kamari ya pesa haiingii. Kila mtu karata mbili, kisha tatu wazi katikati, halafu ya nne, na ya tano. Katika hizo saba unachagua tano bora. Hapo sikukawia.

Utamu ulikuja siku niliyoshika tisa na nane za kopa, zile za alama ya moyo. Chini zilikuwa wazi basha na tatu za kopa, ree ya uru na mbili ya shupaza. Imebaki karata moja. Mjomba akasukuma komwe kumi, katikati zikawa thelathini.

"Mjomba, nifuate kwa komwe kumi zangu, au nilale, yaani niache mkono huu?"

"Usinitazame usoni. Kopa ngapi hujaziona?"

Nilihitaji kopa moja zaidi nitimize rangi moja. Kopa ni 13, nne naziona, zimebaki tisa. Kati ya karata 52 naziona sita, kwa hiyo nisizoziona zote ni 46. Kwa hiyo nitapata kama mara moja katika tano: mara nne napoteza kumi, jumla arobaini, na mara moja navuna thelathini tu. Haitoshi! Nikalala, na nililala kwa raha. Zingekuwa hamsini ningefuata bila wasiwasi.

Njia yake ya mkato: hesabu karata zinazokufaa, zidisha kwa mbili, hiyo ndiyo asilimia yako, kwa kukadiria, kwa karata moja ijayo. Tisa mara mbili, 18. Zikibaki karata mbili kufunguliwa, zidisha kwa nne.

Na lile swali langu? Kwa karata tano, mfululizo hutokea kwa njia 10,200, rangi moja 5,108 tu. Iliyo adimu ndiyo yenye nguvu.

Sasa nawafundisha binamu zangu, karata zote wazi mkekani. Kutishia nitawaonyesha wakishajua kuhesabu kopa.