Kinundu kisichosikia njaa

Leo mchana hapa Tanga, mama mmoja katolewa lipoma begani, yaani kinundu laini cha mafuta chini ya ngozi. Sentimita 4.

Mwili ulishapungua, kinundu kikabaki vilevile.

Ukikikata, njano ni ileile ya mafuta ya kawaida, ulaini uleule. Kwa macho, kinachokitofautisha ni kale kautando kembamba kalichokizunguka.

Tofauti kubwa itafutwe kwenye vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini. Kimeng'enya kiitwacho lipoproteini lipasi, kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, huvunja mafuta yanayopita ili yaingie kwenye seli. Ukifunga kula, lipasi nyingine ndani ya seli huyatoa yakatumike. Mafuta ya lipoma hayaitikii wito huo ipasavyo.

Kuvilinganisha kunahitaji vipande viwili vya mtu huyohuyo: lipoma na mafuta ya pembeni yake. Vigandishwe papo hapo, vikae nyuzi -80 za Selsiasi. Jamani, msivitumbukize kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia vipande! Inafunga protini, kimeng'enya hakifanyi kazi tena, kipande kinabaki cha darubini tu.

Kazi ya kimeng'enya ihesabiwe kwa kila miligramu ya protini, maana uzito wa kipande karibu wote ni mafuta.

Kikizidi sentimita 5, kikiuma au kikikua haraka, kapime.

Nani anacho? Kipo wapi, cha muda gani? Andikeni hapo chini.