Mboga Moja, Majina Sita

Saa kumi na moja na nusu alfajiri napasha sufuria ya mgagani hapa Kaptembwo, Nakuru. Niliuchambua jana jioni, nikauchemsha, nikautia maziwa ulale, maana bila kulala na maziwa uchungu wake hauvumiliki. Leo ni siku ya utamaduni shuleni na Gredi ya 3, darasa langu, tumepewa zamu ya kuleta chakula.

Saa moja kasoro robo niko kwenye bodaboda, sufuria mapajani. Dereva anauliza kama napeleka kanisani.

Saa mbili, gwaride na hotuba. Watoto wamepakwa chokaa usoni na kuvishwa ngozi za bandia zilizokodiwa mjini. Mimi mavazi hayo hayanikoshi sana. Kuna mtoto alivaa kama Mmaasai kwa sababu tu za Kiluhya zilikuwa zimeisha.

Saa nne nafunua sufuria darasani. "Hii inaitwaje kwenu?"

"Chinsaga!" anapaza sauti Mkisii wa dawati la mbele. Naandika ubaoni. "Isagek!" "Dek!" "Thageti!" "Tsisaka!" Hilo la mwisho ni la kwetu Waluhya, nalijibu mwenyewe kwa furaha. Ugomvi unaanza: mboga ni ya nani? Mkalenjin anasema ni yao kwa kuwa wao hutia maziwa. Mluo anasema hata kwao hutiwa maziwa, tena mengi.

Nikiwa na umri wao, kuongea Kiluhya uwanjani kulikuwa kosa. Ulivishwa shingoni kibao tulichokiita diski, ukatafuta mwenzako aliyeteleza ulimi umpokeze, na aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Leo Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze lugha za asili, nami nimeshika chaki naandika tsisaka bila kugeuka kuangalia nani yuko mlangoni.

Binti mmoja wa kando ya dirisha amenyamaza. Babake Mturkana, mamake amezaliwa papa hapa Nakuru, nyumbani ni Kiswahili tu. Namuuliza. "Kwetu tunasema mboga." Darasa linacheka. Naandika "mboga" chini ya yale matano.

"Mwalimu, si hivyo," ananisahihisha. "Mboga chungu."

Naongeza neno.

Saa saba sufuria ni nyeupe. Mchana wote ni ngoma na vumbi.

Saa kumi mama yule yuko langoni, anacheka. "Mwalimu, ati kwetu ni mboga chungu? Marehemu mamangu aliiita chinsaga. Sijui kwa nini sikuwahi kumwambia huyu."

Binti anamvuta kanga. "Ile ya kwanza ubaoni?"

"Sijaona ubao wenu, mama."

"Ya kwanza kabisa!" Tayari anakimbia kumrudia yule Mkisii wa dawati la mbele, ambaye ameshapanda matatu.