Siku Moja Maishani Mwangu: Mhudumu wa Chakula, Meli ya Makontena na Abiria Mmoja

Watu wakisikia nafanya kazi melini huniuliza mambo mawili: kama nimewahi kuona nyangumi, na kama nimeizunguka dunia. Nyangumi nimemwona mara moja, kupitia kidirisha cha juu ya sinki, mikono ikiwa imejaa povu. Dunia nayo nimeizunguka, ila sehemu kubwa yake niliiona kupitia kidirisha hicho hicho.

Mimi ni mhudumu wa chakula katika meli ya makontena. Si mpishi. Mpishi yupo, na akisikia nimejiita mpishi nitakunywa maji ya moto badala ya kahawa wiki nzima. Kazi yangu ni kutandika meza, kugawa chakula, kuosha vyombo, kusafisha vyumba vya maofisa na kufua mashuka. Mabaharia tupo 23, na safari hii tuna abiria mmoja.

Ndiyo, meli za mizigo huchukua abiria, ingawa nyingi ziliacha tangu janga la 2020. Kanuni za kimataifa zinaruhusu wasiozidi 12; wakizidi hapo, meli inahesabiwa kuwa ya abiria na masharti yanakuwa mengine kabisa. Melini hakuna daktari, sanduku la dawa analo afisa wa pili. Burudani hakuna. Mtu anapewa chumba, anakula na maofisa, na muda uliobaki anautafutia kazi mwenyewe. Huyu wetu ni mstaafu, mzee mwenye adabu zake, anayeniita "kijana." Nina miaka arobaini na mmoja.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukutani imeandikwa 0530. Mwaka wa tisa huu baharini na bado naigeuza kichwani kabla sijaielewa. Nawasha taa za vyumba viwili vya kulia, cha maofisa na cha mabaharia, napanga vikombe, nachemsha maji. Kwenye ubao nabandika tangazo kutoka darajani, chumba cha kuongozea meli: usiku wa leo saa zote zisogezwe mbele saa moja. Maana yake tunaibiwa saa ya usingizi.

Saa moja hadi saa nne: kifungua kinywa, vyombo, vyumba, vyoo, mashuka. Hapo hapana hadithi.

Saa nne na robo mngurumo wa injini ukabadilika. Ukikaa melini unausikia kwa nyayo kabla ya masikio. Nikajua tumepunguza mwendo. Dakika chache baadaye kapteni akapiga simu jikoni: gati letu lina meli nyingine, upepo umesimamisha kreni tangu jana, hatuingii leo. Tutatia nanga nje tusubiri. Siku ngapi? Labda mbili, labda nne.

Mtu wa nje akisikia "tumetia nanga" anadhani ni mapumziko. Ngoja nikueleze maana yake jikoni. Mboga mbichi zilikuwa zipakiwe bandarini. Zilizobaki ni karoti, kabichi mbili na vitunguu. Mayai ni trei nne, yaani 120, kwa watu 24: matano kwa kila mmoja, basi. Maji yetu ya matumizi hutengenezwa kutokana na maji ya bahari kwa joto la injini kuu; injini ikizimwa, tunabaki na yaliyomo tangini, kwa hiyo kufua kunasimama na mimi nimeshavua mashuka ya maofisa wanne. Mabaki ya chakula nayo hayamwagwi karibu na pwani. Hata yaliyosagwa lazima meli iwe zaidi ya maili tatu za baharini kutoka nchi kavu, yasiyosagwa 12. Tulipotia nanga palikuwa ndani ya hizo tatu, basi ndoo zote zinafunikwa na kubaki nami. Plastiki haitupwi baharini popote pale, hilo halina mjadala.

Nanga ikashuka kwa kishindo cha mnyororo kinachotikisa vijiko droweni. Meli ikageuka kufuata upepo, mawimbi yakawa yanaipiga ubavuni, ikaanza kwenda mrama kuliko ilivyokuwa ikitembea. Nikalowesha vitambaa vya meza ili sahani zisiteleze. Supu nikaijaza nusu bakuli.

Hapo ndipo mzee aliponijia.

Saa sita kasoro dakika tano, nikiwa na sufuria mikononi. "Kijana, nina tiketi ya treni kesho jioni." Nikamwambia pole mzee wangu, kapteni ndiye anayejua. "Kapteni ana shughuli." Nikatazama sufuria yangu, nikanyamaza. Akanifuata hadi mezani. Nani atamlipa tiketi? Kwa nini gati halikuwekwa tayari? Boti ndogo haiwezi kuja kumchukua yeye peke yake? Karatasi aliyotia saini kabla ya kupanda inasema wazi kwamba ratiba ni ya mizigo na inaweza kubadilika bila taarifa. Najua, kwa sababu nakala yake imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba chake na mimi ndiye ninayeupangusa mlango huo. Sikumkumbusha. Injinia mkuu alikuwa anasubiri chumvi.

Akasusa chakula. Sahani yake nikairudisha jikoni, mpishi akaitazama, akanitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyetia nanga.

Saa nane kasoro nikamaliza vyombo. Kuanzia hapo hadi saa tisa na nusu ni mapumziko yangu. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unataka angalau saa kumi za kupumzika katika kila saa 24, zisigawanywe zaidi ya vipande viwili, kipande kimoja kisipungue saa sita. Kila siku najaza fomu na kutia saini. Sasa hodi iliyopigwa mlangoni kwangu saa nane na dakika ishirini naiandika kwenye safu gani?

"Kijana, kuna chakula chochote?"

Sitajisifu. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Mzee, hii si hoteli, na mimi si kijana." Akasimama pale akiwa ameshika kingo za mlango kwa sababu ya mrama, uso umempauka. Ndipo nikaona kwamba hakuwa amesusa. Alikuwa anachafukwa na bahari na aliona haya kulisema mbele ya maofisa.

Nikavaa viatu. Biskuti kavu, chai isiyo na maziwa, nikamwonyesha akae sitaha ya chini karibu na katikati ya meli, atazame upeo wa bahari, asitazame simu. Akauliza tena habari za treni, kwa sauti ndogo zaidi. Usingizi wangu ukawa umeishia hapo.

Jioni siikumbuki kwa mpangilio. Chakula cha usiku kilikuwa kabichi, mtu akauliza kama kesho pia ni kabichi. Jokofu la mboga lilitoa maji sakafuni. Ndoo ya tatu ya mabaki ilijaa. Nilihesabu mayai upya ingawa nilijua ni 120. Nilipomwaga maji ya mwisho ya kudekia nikatoka nje kidogo, nikaona taa za meli nyingine kumi na moja zikisubiri kama sisi, na nikawaza kwamba katika kila moja kuna mtu kama mimi anayehesabu mayai. Mabaharia wa zamani walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama yangu ni sinki.

Saa tatu na nusu usiku, au labda nne, nilikuwa nimeshazima taa nikakumbuka saa ya kengele. Nikaisogeza mbele. Hodi.

"Samahani, kaka," akasema mzee. Kaka, safari hii. "Kifungua kinywa cha kesho ni kwa saa mpya au ya zamani?"