Nyumba ya mawe ya Gede kwa kipimo cha 1:25: kumbukumbu ya mradi wangu

Kaskazi, mwanzo wa kazi

Ninajenga mfano wa nyumba ya mawe ya karne ya 15 ya Gede, mji wa kale wa Waswahili uliobaki magofu pwani ya Kenya. Kila mita moja ya nyumba ya kweli inakuwa sentimita nne mezani kwangu, na paa linafunguka ili mtu achungulie ndani aone watu walilala wapi, waliweka akiba wapi, mgeni alikaribishwa wapi. Ukikamilika utakwenda shuleni. Watoto wetu wa Malindi hupelekwa Gede, mwendo wa kilomita 16 hivi, wakaona kima na mizizi ya miti iliyokumbatia kuta, wakapiga picha na kurudi. Wachache hung'amua kwamba pale walipokuwa wakikimbizana palikuwa chumbani mwa mtu.

Nimeamua jambo moja tangu mwanzo, na ndilo linaloongoza kila kitu: nyumba yangu haitakuwa na jina la kitu. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948 akaendelea kwa miaka kumi hivi, na nyumba alizozifukua zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani. Ndiyo maana leo tuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Fedha za Kichina. Majina yanashika kichwani kwa urahisi, na kwa mchimbaji mwenye madaftari ya nyumba nyingi yanasaidia. Lakini mgeni akisoma kibao cha Fedha za Kichina anatoka akiwaza China, hali pale waliishi watu waliokula samaki, waliozaa, waliofagia kila asubuhi. Sarafu mbili zimeimeza nyumba nzima.

Kwa hiyo sikunakili nyumba moja. Nimechukua mpango unaorudiwa katika nyumba nyingi za Gede za wakati ule: unaingia uani, uani kuna mahali pa kukaa, kisha ukumbi mrefu mwembamba unaotazama ua, nyuma yake vyumba vya kulala, na pembeni ghala. Choo kiko ndani ya nyumba, chenye shimo na mahali pa kutawadhia. Anayeshangaa kwamba nyumba ya miaka 500 na zaidi iliyopita ilikuwa na choo cha ndani aende akaone kwa macho yake.

Bado kaskazi: kuta na boriti

Upana wa vyumba sikuuamua mimi, boriti ziliamua. Miti ya mikoko inayofaa kubeba paa zito haitoki mirefu sana, na kwa hiyo vyumba vya mawe vya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, vinarefuka upendavyo lakini upana wake unaishia mita mbili na nusu, pengine tatu kasoro. Kwa kipimo changu hiyo ni sentimita kumi. Vijiti vya mishikaki vimekuwa boriti zangu, navyo vinatosha unene sawasawa. Nimevipanga karibu karibu, kwa sababu juu yake hukaa vipande vya mawe na zege la chokaa lenye unene wa kutisha. Paa kama lile mvua haililegezi upesi, ila boriti zikioza linashuka lote kwa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa Gede: wachimbaji walikuta vyumba vimejaa kifusi cha mapaa yao wenyewe, na sakafu ziko chini ya kifusi hicho.

Kuta nimezijenga kwa vipande vya mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yale yanayochimbwa ardhini, nikavivunja vidogo kwa nyundo. Gundi yangu ni udongo mwekundu wa shamba uliochanganywa na chokaa kidogo. Nje na ndani napiga lipu.

Mafundi wa zamani walikuwa na aina mbili za mawe na hawakuzichanganya ovyo. Hili la nchi kavu ni gumu, lina matundu, halichongeki vizuri, kazi yake ni ukuta. Jiwe la kuchongwa ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa hai, wanasayansi wanaliita Porites. Likiwa bichi linakatika laini, unalichonga ukingo na tao kwa zana nyepesi, kisha likikauka linakuwa gumu. Miimo ya milango, matao yenye ncha na mihrabu vimetoka humo. Mzee mmoja aliyejenga nyumba nyingi za chokaa alinitazama nikihangaika kutafuta jiwe laini la kutosha kwa milango ya sentimita nane, akaniambia, "Mwanangu, wewe si mwalimu? Chukua chaki." Nimechukua chaki. Inachongeka kwa sindano na wembe, na mistari ya fremu zile zilizorudi ndani hatua kwa hatua inatoka safi kabisa. Shikamoo yake nitampelekea mwenyewe mlango wa kwanza ukisimama.

Watu wawili walionitembelea wameuliza zidaka ziko wapi. Wanafikiria nyumba za Lamu, zile kuta zenye vijumba vya kuwekea sahani safu kwa safu hadi juu. Zile tunazozijua zaidi ni za karne ya 18. Nyumba yangu iko miaka 300 nyuma yake. Nikiziweka nitapendeza macho na kudanganya watoto, kwa hiyo haziwekwi.

Masika: sakafu

Mvua zimeanza, na chokaa haikauki. Sina haraka. Chokaa haikazi kwa kupoteza maji tu, inakaza kwa kuvuta kaboni dioksidi iliyo hewani na kurudi kuwa jiwe, na ikikauka mbio inapasuka. Wakati huu wa unyevu ndio mzuri kwa sakafu. Nafunika kwa kitambaa kibichi usiku, asubuhi napiga niru, yaani lipu laini ya chokaa, tena.

Na sakafu ndiyo iliyonichukua muda mwingi kuliko sehemu yoyote, kwa sababu ukitaka kujua maisha ya nyumba, ukuta hautakuambia mengi. Ukuta unaonyesha uwezo wa mwenye nyumba siku aliyojenga. Sakafu inahifadhi mambo ya kila siku baada ya hapo.

Tatizo ni kwamba sakafu nzuri ya chokaa hufagiwa. Mwanaakiolojia anayefika kwenye sakafu nyeupe, laini, mara nyingi hukuta kitu kidogo sana, na kile anachokikuta juu yake ni cha siku za mwisho, labda cha siku watu walipohama, labda kilianguka pamoja na paa. Mkasi uliookotwa sakafuni unaweza kuwa umetumika na wa mwisho kuondoka tu. Takataka za miaka yote iliyotangulia zimekwenda kwingine: uani, shimoni, nje ya mlango, au zimefukiwa chini ya sakafu mpya iliyopigwa juu ya ile kuukuu. Mchimbaji makini huenda tabaka kwa tabaka, anakata kipande cha sakafu na kushuka chini yake, udongo wote unapita kwenye chekecheke, na miiba ya samaki inahesabiwa pamoja na vigae.

Siku hizi wanakwenda mbali zaidi. Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa Kisiwani, kuna mji wa mawe uliokaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Kwa kuwa muda wake ni mfupi na haukujengwa juu yake tena, nyumba zake zinasomeka vizuri. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walianza kufanya kazi huko mwaka 2009, na badala ya kusubiri vitu vya kupendeza, walichukua sampuli za udongo sehemu mbalimbali za sakafu, chumba baada ya chumba. Maabara hupima kemikali zake: fosforasi ikizidi, pamemwagika au kuoza kitu chenye asili ya uhai. Hutafuta pia fitolithi, chembe ndogo mno za silika zinazobaki mmea ukishaoza kabisa. Mkeka uliokwisha kuwa vumbi karne nyingi zilizopita unaweza kuacha chembe zake pale pale ulipotandikwa!

Humo nyumbani walikuta pia vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vya kutia uzito kijiti cha kusokotea uzi wa pamba. Katika nyumba moja zilipatikana sarafu za shaba zaidi ya 300 zikiwa pamoja. Sarafu za Kilwa, kwa taarifa ya wapenda ushairi, zina jina la sultani upande mmoja na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyotiwa vina na jina lile. Kwangu mimi uzi na sarafu vinabadilisha picha nzima. Tumezoea kuambiwa nyumba ya mawe ilikuwa mahali pa faragha na heshima tu, kazi na biashara ziko nje. Sakafu za Songo Mnara zinaonyesha watu walizalisha na kufanya shughuli zao humo humo ndani.

Gede si Songo Mnara, na sitahamisha sarafu za Kilwa kuzileta Malindi. Nilichohamisha ni namna ya kuuliza. Kabla ya kuweka kitu chochote chumbani najiuliza: hiki kingeacha nini sakafuni?

Masika ikiishia: vyungu

Kazi ya wiki hizi ni kufinyanga. Katika miji yote ya zamani ya pwani iliyochimbwa, vigae vingi kabisa ni vya vyungu vya kienyeji, vya kupikia na kuwekea maji. Kaure ya China na vyombo vya kung'aa vya Uajemi ni sehemu ndogo, lakini makumbusho huweka hivyo mbele kwa sababu vinameremeta, na vinasaidia kukadiria tarehe. Kirkman mwenyewe hakuvitupa vyungu, alivipanga kwa aina zake, na hilo nalimpa haki yake. Ila ukiuliza mtu yeyote Gede kulipatikana nini, atakutajia kaure.

Basi kwenye mfano wangu vyungu ni vingi, vimejipanga uani karibu na mafiga, vingine vimepasuka na vimeegemezwa ukutani kama watu wanavyofanya mpaka leo. Bakuli la seladoni, chombo cha China chenye mng'ao wa kijani, liko moja, ndani, mahali pa heshima. Mikufu ya shanga sikuiweka, kwa kipimo hiki shanga haionekani.

Kusi: ghala lisilo na mlango

Hiki ndicho chumba watoto watakachokipenda. Katika nyumba za Gede kuna ghala ambalo ukilizunguka huoni mlango. Unaingia kwa tundu lililo juu karibu na dari, kutoka chumba cha ndani kabisa, na bila shaka kwa ngazi. Hakuna dirisha. Kirkman alilichukulia kuwa chumba cha kuhifadhia mali, nami nakubaliana naye. Nafaka ungeitoa kila siku, na hakuna mwanamke mwenye shughuli zake atakayekubali kupanda ngazi na kujipenyeza kwenye tundu kila anapotaka mtama. Mahali pale ni pa kitu kinachowekwa na kuachwa: nguo za bei, pembe, labda vyombo vile vya kaure vya siku za harusi.

Nimeweka ngazi ya vijiti na bonge la nguo nusu limeingia tunduni. Ndani ya ghala nimeacha wazi.

Ngazi za mbao, mikeka, vitanda, milango: kila kilichokuwa cha mti au nyuzi kimeoza. Kuna vitundu kwenye kuta za Gede vinavyoonyesha palichomekwa vigingi, na wachimbaji walidhani vilining'inizia mazulia au vitambaa. Nimevichomeka vigingi hivyo na kutundika kipande cha kitambaa cha pamba kisicho na rangi. Rangi gani ilikuwepo siwezi kuisema, na mtoto akiuliza atapata jibu hilo hilo.

Kusi bado: nje ya ukuta

Mfano umesimama, paa linafunguka, na nimegundua ubao niliouweka chini ni mpana kuliko nyumba. Nafasi ile iliyobaki sitaipanda nyasi.

Mji wa Gede ulizungukwa na ukuta wa nje uliofunika eka 45 hivi, na nyumba kubwa za mawe zilizochimbwa hazifiki ishirini, nyingi zimekusanyika jirani na jumba la mtawala na Msikiti Mkuu. Watu waliobaki walikaa wapi? Katika nyumba za udongo, za fito na makuti, ambazo juu ya ardhi hazikuacha kitu. Ardhini zimeacha: mashimo ya nguzo, udongo uliokandikwa ukaungua, majivu ya mafiga, na vigae vya vyungu vile vile. Huko Songo Mnara vipimo vya sumaku vilivyopitishwa juu ya uwanja ulioonekana mtupu vilionyesha nyumba za namna hiyo. Mji wa Gede tunaouita wa mawe, kwa idadi ya watu, ulikuwa pia wa udongo, na ulipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024 ni mji mzima ulioingia.

Kwa hiyo upande wa kaskazini wa ubao inakuja nyumba ya pili. Fito nimeshakata, nachonga nguzo za kona. Makuti nitayafanya kwa majani ya mnazi yaliyochanwa nyembamba, na kukandika nitatumia udongo ule ule mwekundu wa ukuta wa mawe. Sakafu yake ni ya udongo, ambayo kwa mchimbaji ina faida kuliko ile ya chokaa, maana vitu vidogo hukanyagwa vikazama humo na ufagio hauvifikii. Nitaipa vyungu sawa na jirani yake.