Nilivyotetea fungu la maktaba mbele ya kamati ya fedha

Halmashauri yetu ilipotangaza kwamba mapato yake yamepungua na kwamba kila idara itapunguziwa fedha, maktaba ya umma ilikuwa miongoni mwa huduma za mwanzo kutajwa. Rasimu ya makisio ilipendekeza kufuta kabisa fungu la kununulia vitabu, kufunga maktaba nyakati za jioni na siku za Jumamosi, na kuanza kuwatoza wasomaji ada ya uanachama. Wakazi walialikwa kutoa maoni mbele ya kamati ya fedha, na sisi watumiaji wa maktaba, ambao wengi wetu tulikuwa tukifahamiana kwa sura tu, tukakubaliana kupeleka hoja moja iliyoandikwa. Kazi ya kuiandaa nikapewa mimi. Naeleza hapa jinsi nilivyoifanya, kwa kuwa maktaba nyingi zinapopigania fedha hutetewa kwa maneno ya jumla kuhusu utukufu wa elimu, mbele ya wajumbe ambao wameketi kuulizana fedha zitatoka wapi.

Nilianza na makisio yenyewe. Niliomba nakala, ambayo kila mkazi ana haki ya kuiona, nikaisoma kifungu kwa kifungu hadi nikafika kwenye maktaba. Sehemu kubwa ya matumizi yake ilikuwa ya kudumu, yaani mishahara, ulinzi, umeme, bima na matengenezo ya jengo. Jengo hulindwa usiku hata kama halikufunguliwa mchana, na paa linalovuja huvuja hata siku ya kufungwa, kwa hiyo kupunguza saa za huduma kungepunguza gharama kwa kiasi kidogo mno kuliko rasimu ilivyoonesha. Fungu la vitabu lilikuwa dogo kuliko yote, na nadhani ndiyo sababu lilikatwa kwanza, maana kitabu kisiponunuliwa hakuna mfanyakazi anayepewa barua ya kuachishwa kazi wala mkandarasi anayekuja kudai malipo yake. Hata hivyo, halmashauri ingeendelea kulipia jengo, taa na walinzi mwaka mzima huku ikiondoa kile kinachowaleta watu humo ndani. Hiyo ndiyo hoja niliyoiweka mwanzo wa waraka wetu.

Historia ilinisaidia kuionesha kwamba si hoja mpya. Bunge la Uingereza lilipopitisha Sheria ya Maktaba za Umma mwaka 1850, miji iliruhusiwa kutumia kodi kwa ajili ya jengo na uendeshaji wake, lakini si kwa kununulia vitabu, kwa matumaini kwamba vitabu vingetolewa na wafadhili. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1855, sheria ilirekebishwa, kiwango cha kodi kikapandishwa na ununuzi wa vitabu ukaruhusiwa. Andrew Carnegie naye, tajiri wa chuma aliyegharimia ujenzi wa maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali, aliweka sharti ambalo kila mjumbe wa kamati ya fedha angelielewa: mji uliotaka fedha zake ulipaswa kutoa kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka kiasi kisichopungua asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya kuiendesha maktaba. Mtu huyo alikuwa mfanyabiashara hodari, na alijua kwamba jengo lisilo na bajeti ya kila mwaka halidumu kuwa maktaba.

Baada ya hapo nilihitaji kuonesha nani anaitumia. Mkutubi wetu, ambaye kama mwajiriwa wa halmashauri hakuweza kuipinga hadharani, alituruhusu kuangalia takwimu za uazimaji bila majina ya waazimaji. Zilionesha kwamba uazimaji umepungua, na rasimu ilikuwa imelitumia jambo hilo kama sababu ya kukata fedha. Lakini daftari la uazimaji humhesabu anayeondoka na kitabu peke yake, na halimwoni anayeketi. Kwa hiyo tulipeana zamu. Kila nusu saa aliyekuwa zamu alipita kimya kati ya meza akiandika idadi ya waliopo na shughuli zao, bila kumuuliza mtu yeyote jina wala jambo lake.

Karatasi zile zilitufundisha mengi. Asubuhi meza za magazeti zilijaa wazee na watu wanaotafuta kazi, ambao walinakili matangazo kwa mkono. Kwenye kompyuta, walio wengi walikuwa wakijaza fomu za maombi, nyingine zikiwa za huduma za halmashauri yenyewe, ambazo siku hizi hazipokelewi tena kwa karatasi. Wanafunzi waliingia jioni na kuketi hadi kengele ya kufunga ilipolia, wengine wawili wawili kwenye kiti kimoja. Saa zenye watu wengi kuliko zote zilikuwa zilezile ambazo rasimu ilitaka kuzifuta. Sikuhitaji kuongeza chembe ya chumvi, maana jedwali lilijieleza.

Kuhusu uazimaji kupungua, nilikwenda kwenye rafu zenyewe. Atlasi ya marejeo bado inaionesha Sudan kama nchi moja, ilhali Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011. Vitabu vya kompyuta vinaeleza programu ambazo hazitumiki tena, na karatasi za mihuri ya tarehe zilizobandikwa ndani ya jalada ni tupu kwa miaka mingi mfululizo, ilhali riwaya chache zilizonunuliwa karibuni zimejaa mihuri hadi zikabandikwa karatasi ya pili. Nilipiga picha kurasa hizo nikaziambatisha. Zilionesha mfuatano ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha suala zima: fungu hupunguzwa, rafu huchakaa, wasomaji huacha kuazima, kisha upungufu wa wasomaji huwa ushahidi wa kupunguza fungu tena.

Siku ya kikao, swali la kwanza lilikuwa lile nililolitarajia: je, intaneti haijaifanya maktaba ipitwe na wakati? Nilijibu kwa jedwali letu. Anayejaza fomu kwenye kompyuta ya maktaba amekuja kwa sababu ya intaneti, na simu ndogo haimtoshi mtu anayepaswa kuambatisha vyeti na kuandika barua ndefu. Swali la pili lilikuwa zito zaidi. Diwani mmoja, kwa heshima kabisa, aliuliza kama ningethubutu kumweleza mama anayesubiri dawa kwamba fedha zimekwenda kwenye riwaya. Sikutaka kulikwepa, kwa sababu ni swali la haki. Nilimwambia, “Mheshimiwa, kama kufuta fungu la vitabu kungeijaza zahanati dawa, ningekaa kimya,” kisha nikaomba tuyafungue makisio pamoja. Fungu hilo lote lilikuwa sehemu ndogo sana ya pengo lililotajwa, na hapakuwa na kifungu chochote kilicholipeleka kwenye afya.

Ada ya uanachama ilijadiliwa kwa haraka. Nilikumbusha kwamba Ilani ya Maktaba za Umma ya UNESCO na IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, iliyotolewa mwaka 1994 na kuhuishwa mwaka 2022, inasema huduma za msingi kimsingi ziwe bure na ziwe jukumu la serikali za mitaa na serikali kuu. Wajumbe walivutiwa zaidi na hesabu ya kwamba wanaojaza fomu za kazi ndio wasioweza kulipa. Pendekezo la kuwatumia watu wa kujitolea badala ya wakutubi lilinipa shida zaidi, kwa sababu watu hao wapo na wana moyo. Nchini Uingereza, ambako mamia ya maktaba yamefungwa tangu mwaka 2010, baadhi ya zilizobaki zinaendeshwa hivyo. Nilisema kwamba tuko tayari kusaidia kupanga rafu na kusomea watoto hadithi, lakini kuchagua vitabu, kutunza katalogi na kumwelekeza mwenye shida ni taaluma, na taaluma hulipwa.

Hatukupata yote. Kamati ilirudisha nusu ya fungu la vitabu, ikaacha saa za jioni na Jumamosi kama zilivyokuwa, na ikaondoa ada. Badala yake, maktaba itafungwa asubuhi mbili za katikati ya juma, na hilo tulilikubali kwa sababu karatasi zetu wenyewe zilionesha kwamba watu huwa wachache nyakati hizo, ingawa nawafikiria wale wazee wa magazeti na bado ninamsihi mkutubi awatengee meza siku nyingine. Kamati iliagiza pia kwamba kuanzia sasa taarifa ya maktaba ioneshe waliohudhuria pamoja na walioazima. Fomu ya kuhesabia ni ileile tuliyoichora, na zamu zinaendelea, kwani makisio ya mwaka ujao yanaanza kuandaliwa kabla mwaka huu haujaisha.